Hesabu ya Asiyekuwepo

Mwalimu Edina ni mtu wa kuota mchana. Ukimwita akiwa dirishani, ataitika upepo wa hapa Mkonze ukishapita na vumbi lake. Sisi wenzake humtania kwamba ipo siku atafundisha darasa la elimu maalumu akiwa usingizini, na watoto wataelewa.

Muhula huu, lakini, Anitha alimnyima raha. Ni mtoto wa miaka kumi, maneno yake machache mno. Baba yake, Mzee Matonya, mfugaji aliyehamia hapa kutoka Haneti, alishasema wazi: muhula ukiisha hajui hesabu, anaacha shule. Edina alimpenda yule mtoto, wala hakuficha.

Basi akamwekea ng'ombe kwenye kishikwambi, wale wa kuchorwa, wanaolia ukiwagusa.

"Wahesabu, mama."

Anitha akakifunika kioo kwa sketi yake, akaangua kilio. Kesho yake vilevile. Edina akaamua kwenda kwao.

"Ulimwambia ahesabu ng'ombe?" Mzee Matonya alishtuka. "Mwalimu, sisi hapa nyumbani hatuhesabu mifugo. Ni kujitakia mikosi."

Edina, mtoto wa migombani Bukoba, angeyajulia wapi hayo?

"Sasa jioni mnajuaje kama wametimia, mzee?"

"Tunatazama tu. Asiyekuwepo anaonekana."

Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini, vumbi jekundu likielea juu ya migongo yao. Edina alisimama akiwatazama hadi akasahau swali lililomleta. Kisha akawapiga picha, mmoja mmoja.

Asubuhi Anitha aliwakuta ng'ombe wa kwao kwenye kioo. Edina akawaficha wawili.

"Nani hayupo?"

Mtoto akatazama, akatazama, halafu akawavuta wote wawili kurudi mahali pao. Edina akaandika mbili pembeni, akicheka huku machozi yanamtoka. Tangu hapo ikawa kutoa na kujumlisha kila siku, polepole, bila kilio.

Muhula ulipoisha Mzee Matonya akaja kumchukua binti yake.

"Hesabu anajua?"

"Tazama mwenyewe, mzee."

Edina akatandaza kwenye kioo picha za watoto wa darasa zima, akamficha mmoja.

"Nani hayupo?"

Anitha akazipitia nyuso zote taratibu. Akaweka kiganja kifuani.

"Mimi."

Mzee alikitazama kile kioo muda mrefu, pengo likiwa palepale katikati ya watoto.

"Basi abaki, Mwalimu," akasema. "Nikimchukua, mtapungua mmoja."