Kapu la Tecla Mbele ya Wageni

Tecla wa Sosiot hakuwa mtu wa kusukumwasukumwa, na Johana, ofisa wa biashara kutoka Nairobi, alilijua hilo akiwa amechelewa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Serikali ilikuwa inawaleta wanunuzi wa chai kutoka Misri, pamoja na balozi wao, wajionee jinsi mkulima mdogo anavyochuma, ili wakirudi kwao wanunue zaidi. Shamba la Tecla lilichaguliwa kwa uzuri wake.

Barabara ya kulifikia haikuwa na uzuri wowote. Magari ya serikali yaliyaweza matope, lori la kiwanda halikuyaweza. Siku moja kabla ya ugeni, lori lilikwama tena, na majani ya Tecla yakalala kapuni. Majani ya chai yakilala hupata joto, yakawa mekundu, yakawa ya kutupa. Alikuwa amechoka kutupa jasho lake. Alichotaka ni barabara tu.

Asubuhi Johana alimletea aproni mpya, akamfundisha maneno ya kusema, akaagiza kapu lile lifichwe nyuma ya zizi. Tecla alivaa aproni. Kapu akaliweka katikati ya viti vya wageni.

Johana akamnong'oneza kwa hasira kwamba anaaibisha nchi.

"Nchi ni nani, mkubwa?" Tecla akamuuliza. "Mimi si nchi?"

Wageni walipofika aliwakaribisha kwa mursik, maziwa ya kibuyu, kwani mgeni ni mgeni hata akiletwa na serikali. Mnunuzi mmoja akatia mkono kapuni, akautoa upesi. Akauliza kwa nini majani ni moto. Johana akaanza kueleza habari za hali ya hewa, Tecla akamkata kauli.

"Hii ni majani ya jana. Barabara ni mbaya, lori haikufika. Mkitaka chai mingi, ambieni hawa watengeneze barabara. Mimi nimewaambia mpaka nimechoka."

Mkalimani akasita. Balozi akamwambia atafsiri yote.

Tangu hapo Tecla hakuletewa mgeni tena. Aliambiwa ana mdomo mrefu, akajibu kwamba mdomo ndio alionao, greda hana.

Msafara uliofuata Johana aliupeleka kwa Phyllis, jirani mpole ambaye hata kanisani huimba kwa kunong'ona. Walimkuta amevaa aproni mpya, amenyamaza kimya, na kapu la majani moto liko katikati ya viti.