Kocha Chini ya Cherehani

Pale chuoni, ukiambiwa kocha anakuita, wenzako walikuaga kabisa. Mtu yule alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa, na huruma yake, kama alikuwa nayo, aliiacha nyumbani kwa mkewe. Basi usimcheke Upepo, winga wake na mwanafunzi wa ushonaji, kwamba alipouona uso ule dirishani mwa chumba cha mtihani, alijiinamia nyuma ya cherehani yake.

Ilikuwa siku ya fainali. Upepo hakuwa wa kucheza, maana alikuwa ameteguka mguu mazoezini na kifundo kilikuwa kimeumuka kama unga uliotiwa hamira. Lakini balaa lake halikuwa mpira. Siku hiyo hiyo alitakiwa ashone koti zima mbele ya mtahini, na cherehani za chuo zilikuwa za kukanyaga kwa miguu. Akishindwa, anarudia mwaka. Na shangazi yake aliyemlea alikwisha kuhamisha makochi kutoka chumba cha mbele ili kiwe duka, akautangazia mtaa mzima kwamba fundi anakuja.

Alijaribu kwa mguu mmoja. Gurudumu likazunguka, likasita, likarudi nyuma, uzi ukakatika. Akatunga upya. Ukakatika tena. Wenzake walikuwa kwenye kola, yeye bado anahangaika na mabega.

"Sheria inaruhusu mtu akukanyagie," mtahini alimwambia, mama mwenye miwani asiyependa masihara. "Ila asiguse kitambaa. Na hawa wenzako wana mitihani yao."

Hapo ndipo kocha alipoingia, viatu vya uwanjani miguuni.

"Nisamehe, kocha," Upepo akaanza. "Kweli leo siwezi kucheza."

"Nani kakuambia ucheze? Nimepita kukujulia hali, kumbe unaonewa na chuma." Akamgeukia mtahini. "Mama, mimi miguu ninayo."

"Kocha, si mechi inaanza sasa hivi?" Upepo akauliza.

"Kule wako kumi na moja. Huku uko peke yako. Sogea."

Kiti kilikuwa cha mtu mmoja, kwa hiyo lile pande la mtu liliketi sakafuni, likaingiza mikono chini ya meza na kukamata pedeli. Akaanza kama anavyofundisha, yaani kwa fujo. Gurudumu likaenda kinyumenyume, na uzi ukakatika vibaya kuliko mwanzo.

Upepo, ambaye hakuwa amewahi hata kumtazama mtu yule usoni, alijikuta amesema, "Kocha, haraka haraka haina baraka."

Chumba kizima kikajikaza kisicheke.

"Nifundishe basi," sauti ikatoka chini ya meza.

"Ngoja nilizungushe gurudumu kwa mkono. Likija mbele, ndiyo usukume. Hapo hapo. Usikaze, kocha, lisindikize tu."

Likasindikizwa. Sindano ikaanza kukimbia, mabega yakaungana, kola ikakaa, na Upepo akapandwa na furaha mpaka vidole vikawa vinamwasha. Mara uwanjani kukapigwa kelele za goli. Pedeli ikasimama.

"Nani kafunga?" Upepo akauliza.

"Shona."

Kelele zikapigwa tena, na kama zile za kwanza, hazikuwa za watu wa chuo. Jasho lilikuwa linamtiririka kocha puani.

"Shona, wewe!"

Mkono wa pili wa koti uliungwa mtahini akiwa tayari amesimama. Alilichukua koti, akauvuta mkono huo kama mtu aliyetumwa kuung'oa. Akauvuta tena.

"Limekaa," akasema, akamrudishia. "Umefaulu."

Walitoka nje Upepo akiwa amemwegemea kocha begani, na wachezaji nao ndio wanatoka uwanjani, vichwa chini. Walikuwa wamefungwa mbili bila.

"Ulikuwa wapi, kocha?" kapteni akauliza, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Kocha akajipangusa vumbi magotini.

"Nyinyi mmefungwa, mwenzenu amefaulu," akasema. "Kwa hiyo sare. Na kesho mnanieleza nani aliacha pembeni wazi."

Kapteni alimtazama Upepo, akalitazama koti. Kisha akalichukua, akalivaa juu ya jezi yake yenye matope na kufunga vifungo vyote, na timu iliyofungwa ikaanza kushangilia.