Nilivyoshika Gia ya Pili

Miaka ya tisini mume wangu alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea dagaa kutoka Ikola, ziwani, kuja Mpanda mjini. Ilikuwa imepita kwa watu wengi kabla ya kufika kwetu Shanwe, palepale mjini, na ugonjwa wake ulikuwa giaboksi. Ukiingiza gia ya pili, inakaa kidogo, kisha inachomoka yenyewe. Kwenye tambarare unavumilia. Kwenye mlima, gari linaishiwa nguvu na kuanza kurudi nyuma na mzigo wake.

Fundi alisema meno yamelika na giaboksi nyingine haipatikani Mpanda. Mume wangu akanigeukia.

"Mama, twende wote. Unishikie gia, mimi niangalie njia."

Tukawa tunasafiri hivyo. Akishaingiza ya pili, mimi nauvuta mkono wa gia kwa mikono yote miwili na kuung'ang'ania mpaka mlima uishe. Ulitetemeka hadi viwiko vikafa ganzi. Lakini nilizipenda safari zile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Nyumbani mume wangu alikuwa mkimya. Barabarani aliongea. Alinisimulia mashamba ya mpunga ya mama yake kule Kibaoni, na jinsi alivyonipita mara tatu sokoni kabla ya kuthubutu kunisalimia.

"Mara tatu?" nilimuuliza.

"Shika gia, wewe!" alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Siku moja, tukiwa katikati ya mlima na magunia ya dagaa, tulisikia mlio kama sufuria imeangukia mawe. Mkono wa gia ukalegea mikononi mwangu. Gia ya kwanza na ya pili zilikuwa zimekufa. Ya tatu na ya nne zilikuwepo, ila haziwezi mlima. Iliyobaki na nguvu ya kupanda ilikuwa rivasi tu.

Mume wangu akaliachia gari likateremka mpaka penye nafasi, akaligeuza, akaanza kupanda mlima kinyumenyume. Mimi nilitangulia kwa miguu, nikimpungia huku na huku ili asiingie korongoni. Alikuwa amechungulia dirishani, shingo imepinda, jasho linamtoka, macho yote kwangu.

Juu tulikuta familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Walicheka kwanza, ndipo wakaja.

"Nyie mnatoka wapi na gari linalotembea kwa mgongo?" mama mmoja aliuliza.

Tukawagawia dagaa. Wakatusaidia kuligeuza gari, wakalisukuma mpaka likashika gia ya tatu, nikadandia likiwa linatembea. Hatukusimama tena mpaka mjini.

Fundi alipoifungua giaboksi, meno yaliyovunjika yalitoka na oili nyeusi, akayapanga juu ya gunia. Mume wangu alipanda treni kwenda Tabora, akakaa siku tisa, akarudi na giaboksi iliyotumika lakini nzima. Ilifungwa kwa siku moja. Alizunguka na pikapu Shanwe yote akipiga honi, na mimi nilipiga vigelegele kama wengine.

Safari iliyofuata nilivaa kitenge changu, nikatoka nje. Kiti changu kilikuwa na gunia tupu na dumu la maji.

"Unakwenda wapi?" aliniuliza, kwa kushangaa kweli.

"Nilidhani tunakwenda wote."

"Ukateseke bure? Gia sasa zinakaa zenyewe. Pumzika, mama."

Alisema kwa upendo, najua. Aliona amenipunguzia kazi. Nikamwitikia, nikaingia ndani kuchambua mchele, na gari nikalisikia linaondoka, kila gia ikiingia laini.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, kwa amani, yeye na ukimya wake. Sasa hayupo. Wanangu wakiniuliza baba yao alikuwa mtu wa namna gani, nawaambia alikuwa mwongeaji sana, na wao wananitazama kama nimekosea mtu.