Wembe Mmoja, Siku ya Jina la Evanthia

Umewahi kuona ngozi ya mtu iliyokatwa nyembamba, hata ukiilaza juu ya gazeti unasoma habari iliyo chini yake? Sogea taratibu basi, wala usipumue kwa nguvu. Pumzi tu huipeperusha.

Saa tatu asubuhi, tarehe kumi na moja Septemba. Katika chumba kidogo nyuma ya kliniki moja ya ngozi mjini Volos, Ugiriki, Evanthia Karamitrou ameinama mbele ya mashine ya baridi. Ndani ya mashine ni nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Amevaa sweta la sufu alilofuma marehemu mama yake, lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine, ingawa huko nje watu wanatembea na mashati ya mikono mifupi.

Mbele yake pana kipande cha ngozi kisichozidi punje ya dengu. Amekwisha kukipaka wino pembeni, bluu upande wa pua na nyeusi upande wa sikio, ili daktari ajue kila ukingo ulitoka wapi. Amekigandisha. Sasa anazungusha gurudumu, na wembe unachana utando mmoja, wa pili, wa tatu. Anaupokea kila utando kwa ncha ya brashi, kama mtu anayejaribu kushika ndoto kabla hajaamka sawasawa.

"Huuvuti," anasema kwa sauti ya chini. "Unausubiri. Wenyewe unakuja."

Kisha kioo, kisha rangi. Viini vya seli hugeuka zambarau, nyama hugeuka waridi. Evanthia ana miaka hamsini na minne, na kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Anasema bado huota mashamba ya rangi hizo, yeye akitembea katikati bila viatu, na upepo unavuma bila sauti.

Kazi yenyewe iko hivi. Daktari Kleanthis Vourlas huondoa saratani ya ngozi tabaka baada ya tabaka. Akikata moja, mgonjwa hubaki kitini, kidonda kimefunikwa, na kipande hupelekwa kwa Evanthia. Baada ya dakika arobaini hivi, vioo hupita kwenye kidirisha cha ukutani, daktari anavisoma kwa hadubini. Mizizi ya saratani ikiwa imebaki ukingoni, anakata tena pale pale tu. Pakiwa safi, anashona.

Evanthia haonani na wagonjwa. Kwake huja namba na punje ya ngozi. Kwa siku huandaa vipande vinane, tisa, na jioni vidole huwa vimekufa ganzi hata hawezi kufungua mfuniko wa chupa.

Siku hiyo kitini alikuwa Mzee Argiris Tsoutsas, mkulima wa matufaha kutoka Zagora, miaka sabini na sita. Saratani ilikuwa imeota kwenye ukope wa chini wa jicho la kulia. Daktari alimweleza bila kuficha: ukope unaweza kuvumilia kukatwa mara mbili. Ukikatwa mara ya tatu, jicho halitafumba tena hata akilala, na jicho lisilofumba hukauka, na likikauka huenda likafa.

Mzee alifikiri kidogo, akamwambia muuguzi, Stamatia, "Faida ipo. Nitalala kanisani na padri atadhani namsikiliza."

Tabaka la kwanza lilikuwa bado na mizizi. Daktari akakata la pili.

Sasa, tarehe hiyo ndiyo siku ya jina la Evanthia, yaani sikukuu ya mtakatifu aliyepewa jina lake, na kwa desturi ya Wagiriki mwenye siku ndiye anayelisha wenzake. Alikuwa amekuja na boksi la keki za maziwa, zimelowa shira, amezinunua saa moja na nusu zikiwa bado na moto. Kipande cha pili kilipoingia, alikipaka wino, akakigandisha, akafungua kitasa cha wembe, kile kibano kinachoushika. Sheria ni moja: kila kipande na wembe wake. Wa zamani unatupwa kwenye debe la njano, mpya unaingia.

Mlango ukafunguliwa. Stamatia aliingia na mfamasia wa jirani, nyuma yao mhasibu, wote wakimtakia maisha marefu, mmoja akimbusu shavu hili na mwingine lile. Evanthia alivua glavu, akagawa keki, akafuta shira vidoleni. Mfamasia akamtania kwamba miaka inapita yeye habadiliki, hakika anajihifadhi humo humo kwenye barafu. Walipotoka alivaa glavu mpya, akafunga kitasa cha wembe, akakata.

Mkono ulikumbuka kwamba ulikifungua kitasa. Haukukumbuka kwamba haukubadilisha kitu.

Vioo vikapita kidirishani. Muda mfupi baadaye alimsikia daktari upande wa pili akisema mizizi bado ipo, ukingo wa bluu, Stamatia aandae sindano ya ganzi.

Evanthia alikuwa na utamu wa shira bado mdomoni. Kioo kimoja cha akiba kilibaki kwake. Akakiweka chini ya hadubini yake ndogo. Kweli, lilikuwepo fungu la seli za zambarau. Lakini ngozi yote ilipoonekana vizuri, fungu lilikuwa na ukungu. Akizungusha hadubini hadi fungu lionekane, ngozi yote inapotea. Lilikuwa linaelea juu, kama jani juu ya kisima.

Akafunua debe la njano. Mfagizi alikuwa amelimwaga asubuhi. Vipande viwili vilishakatwa, kwa hiyo wembe mmoja ulipaswa kuwa mle. Debe lilikuwa tupu.

"Nilisimama," anasema. "Nikaelewa kwamba hakuna atakayejua. Daktari angekata, kipande cha tatu kingekuwa safi, na mzee angeenda kuwasha mshumaa wa shukrani. Mimi tu ndiye ningejua."

Kliniki ina daftari la makosa. Kwa miaka kumi na tisa, jina lake halikuwahi kuandikwa humo.

Alitoka. Alipita kwenye korido na sweta lake na glavu zake, akasukuma mlango asiousukuma kamwe. Daktari alikuwa ameshika kisu.

"Daktari, usikate," alisema. "Zile seli ni za kipande cha kwanza. Wembe umezibeba. Sikuubadilisha."

Stamatia alirudisha sindano mezani polepole. Daktari aliweka kisu chini. Aliuliza kama kipande kimebaki cha kutosha. Evanthia akasema kimebaki; atakata ndani zaidi, kuelekea upande saratani ilikokuwa, kwa wembe mpya, na kama kule ndani hakuna kitu, basi hata ukingoni hakuna.

"Kakate," alisema daktari.

Dakika kumi na nane. Aliifuta mashine yote kwa spiriti, akaweka wembe mpya, akakata tando nne. Kupitia kidirisha alisikia neno moja la daktari: safi.

Alipokuwa akishonwa, Stamatia akiwa amekwisha kumweleza habari ya siku ya jina, Mzee Argiris aliomba aambiwe yule mama wa sweta kwamba kwao mwenye siku ya jina hupewa zawadi, na huyu kaikosea desturi, kampa yeye.

Mchana, Evanthia aliandika jina lake kwenye daftari, saa na dakika, kwa mwandiko wa duara wa shuleni. Daktari alikuja, akasoma, akaweka sahihi, halafu akavuta kigoda na kukaa. Hakuwahi kukaa mle. Alisema kuanzia kesho mlango utafungwa kwa ndani mashine ikiwa kazini, hata kama ni siku ya jina la nani.

"Miaka yote hii hujaniomba kitu," alisema. "Leo omba."

Alijibu kwamba taa ya mezani inapepesa. Daktari akasema hilo si ombi, hiyo ni kazi ya fundi umeme. Evanthia akacheka, akatazama dirishani, ambako jua lilikuwa limelala juu ya paa za vigae na njiwa hawaendi popote.

"Alhamisi," alisema, "wagonjwa wakija kutolewa nyuzi za mshono, nataka nisimame pale mlangoni nizione nyuso zao."