Karatasi ya Loyd Petrey

Kwa majira ya machipuko thelathini na moja, ndugu wawili, Loyd na Arvel Petrey, hawakuingia msituni kuwinda bata mzinga kabla ya kuijaribu bunduki kwenye karatasi. Waliigongomea ubaoni nyuma ya ghala, wakachora kichwa cha ndege, wakahesabu hatua arobaini. Loyd alipiga, Arvel, penseli sikioni, alihesabu matundu. Hapa kwetu, milimani Ozark, Marekani, kila bunduki ina tabia yake. Kibano, kile kipande cha chuma kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili kuyakusanya marisau, zile punje ndogo zilizomo ndani ya risasi, sharti kipatane na risasi iliyomo. Kikibana kupita kiasi, marisau husukumana na kutawanyika.

Arvel alifariki Januari. Aprili ile Loyd alikuta risasi zao za zamani hazitengenezwi tena. Muuzaji mmoja mjini, Garland Tice, alimpa risasi mpya za marisau magumu, pamoja na kibano chembamba kuliko vyote. Loyd akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuvijaribu pamoja katika bunduki ya aina yake.

"Mzee Petrey," Garland akamjibu, huku wateja wakicheka, "unataka kuua ndege au kuua karatasi?"

Alipofika nyumbani aliigongomea karatasi kama kawaida. Mimi, jirani wa ng'ambo ya barabara, nilimwona amesimama mbele yake kwa muda mrefu, bunduki mkononi. Kisha akaibandua, akaikunja, akaingia ndani. Baadaye aliniambia kwamba hakuona maana ya kupiga na hakuna wa kuhesabu.

Asubuhi ya kwanza ya msimu, dume kubwa lilikuja likijitanua mpaka hatua thelathini na tano. Loyd akapiga. Ndege alianguka, akainuka, akakimbilia vichakani huku bawa likiburuta. Alimtafuta hadi saa saba mchana, saa ambayo sheria yetu ilifunga uwindaji. Akairudisha bunduki garini, akaendelea kutafuta mikono mitupu mpaka giza likaingia. Alichopata ni manyoya matatu ukingoni mwa kijito.

Kesho yake nilimkuta barazani akikikata pembe kibali chake, kama afanyavyo mtu aliyepata ndege. Nikamwambia hana haja. Sheria haimdai kitu, na kibali kingemruhusu bado kutafuta ndege mwingine.

"Ndege huyo amekufa, Hoyt," akasema. "Au anakufa sasa hivi. Mimi ndiye niliyemuua."

Akakataa kuwinda tena msimu ule.

Nasema waziwazi, na nimeshasema mbele ya chama chetu cha wawindaji: ni aibu kuuza chuma kwa sifa ya wembamba wake, kisha kumcheka anayeuliza kama kinafaa. Ndege wangapi huoza vichakani ili duka lionekane la kisasa? Anayeuza awe na ubao na karatasi uani. Asiyetaka kujaribu asiuziwe. Wengi waliniambia napiga kelele. Loyd hakupiga kelele. Akiwa peke yake aliijaribu bunduki kwa kibano kile chembamba na risasi mpya, akampelekea Garland karatasi: katikati, mahali pa kichwa, palikuwa peupe. Garland akaitazama, akasema labda mkono ulitetemeka.

Jumamosi iliyofuata Loyd alivuka barabara. Tumekuwa majirani miaka kumi na tisa, na hakuwahi kubisha hodi mlangoni kwangu.

"Una penseli?" akauliza.

Alikuwa amekirudisha kibano cha zamani, kilicho kipana zaidi, akiziacha risasi zile zile mpya. Nikamfuata hadi nyuma ya ghala lake, akapiga mara moja. Nikainama, nikatia alama kila tundu, nikamwambia ni mia moja thelathini na nane, na kichwa kimejaa. Alishukuru. Akaichukua penseli mkononi mwangu, akapiga magoti kwenye nyasi zenye maji, mahali alipokuwa akihesabu Arvel, akaanza kuhesabu upya, polepole, kwa sauti, bila kuniangalia. Nilisimama pale mpaka alipomaliza, kisha akaanza tena tangu mwanzo.