Fundo la Kiunoni mwa Mirto

Kaka yangu Nikandro alikuwa mfinyanzi wa miungu, na hapa Puteoli, mji wa bandari wa Waroma, hakuna aliyemshinda kwa mikono wala kwa ubishi. Yule mungu kijana mwenye mabawa miguuni, mpeleka habari wa mbinguni, alikuwa na kalibu yake moja tu. Akija Mgiriki anauziwa Herme, akija Mroma anauziwa Merkuri.

“Huoni aibu?” nilimwuliza.

“Aibu ya nini, dada? Ni yule yule. Hata wewe una jina lako na lile la utani.”

Basi binti yake wa pekee, Mirto, akapendana na Vibio, mtoto wa Numerio mwoka mikate, Mroma halisi, nasi ni Wagiriki. Nilifurahi hadi usingizi ukaniruka. Wazee wakakubaliana mapema: Hera wetu, mungu wa kike wa ndoa, ndiye Juno wao, kwa hiyo nguruwe mmoja wa kafara atatosha.

Siku ikafika. Uani pamejaa, nguruwe ameshikwa, mpiga filimbi anapuliza. Numerio akajifunika nguo kichwani, kama Waroma wanavyoomba. Kaka yangu akasimama kando yake kichwa wazi, ana shada la majani tu, kama baba yetu alivyoomba maisha yake yote. Numerio akageuka, akamwona, akainua mkono. Filimbi ikakatika.

“Funika kichwa, bwana. Unatuharibia ibada.”

“Nimfiche Hera uso? Nimemwibia nini?”

“Imeshaharibika. Vibio, vaa viatu twende. Harusi hakuna.”

Moyo ulinilipuka. Watu wazima wamepatana juu ya mbingu nzima, sasa wanashindwa na kipande cha nguo! Nilitamani kuwachapa wote wawili kwa mwiko. Vibio alibaki ameshika kiatu, machozi yanamtoka mbele za watu.

Ndipo Mirto akasogea, na shela lake la rangi ya moto.

“Baba mkwe, hili fundo alilonifunga mama kiunoni asubuhi, ni la nani?”

“La Herkule. Kila bibi harusi hulifunga.”

“Kwetu pia, tunamwita Herakle. Na nyinyi mnamwombaje huyo?”

Numerio akakohoa. “Kichwa wazi.”

“Kwa nini?”

“Ndivyo tulivyokuta.”

“Basi tuanze na yeye, baba. Ndiye aliyenishika kiuno.”

Wanawake tukapiga vigelegele kabla mzee hajajibu, maana tulishaona mdomo wake unataka kucheka. Akaivua ile nguo. Kumbe alikuwa na upara unaong'aa kama sufuria, nami nikacheka hadi nikashika ukuta. Wakammiminia Herkule divai pamoja, vichwa wazi.

Ikaja zamu ya Juno. Numerio akajifunika tena. Nikandro, mbishi wa Puteoli, akaweka shada lake chini, akavuta joho lake kichwani hadi puani.

“Unaona humo?” Numerio akamnong'oneza.

“Sioni kitu. Nishike mkono.”

Akamshika.