Siku Niliyokagua Simu ya Baraza

Baraza letu huku Changamwe lilinipa kazi ya kukagua huduma ya simu, maana watu walilalamika haipatikani. Ofisi ilikuwa na laini moja tu, na mpokeaji wake ni Bi Zuhura. Asubuhi nikampigia kumjaribu, akaitika papo hapo. Sasa mimi mtu wa pwani, nitaanzaje maneno kabla ya salamu? Nikamjulia hali, nikamuulizia mamake, mgonjwa wao wa Likoni, watoto.

Jioni kikaoni, mkunga akasema asubuhi ile alipiga simu ofisini kuomba gari la wagonjwa, kila mara akakuta laini inatumika, mzazi akabebwa kwa mkokoteni.

Nikasimama nimefura. "Bi Zuhura, ulikuwa ukizungumza na nani?"

"Nawe, kaka. Ulikuwa hujamaliza kuniulizia watoto."